MIGUU MYEPESI, ALAMA ZA WASTANI
Njia ya shule ya bweni kwa mtoto wa michezo

Jioni, joto linapopungua, viwanja vya vumbi vya Gurei, magharibi ya mji wa Juba, hujaa watoto. Goli ni mawe mawili. Mpira mara nyingine ni wa dukani, mara nyingine ni wa matambara na mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba. Wakubwa watokao kazini, baadhi yao wakiwa bado na magwanda, husimama kando kidogo na kutazama. Karibu kila kiwanja kina kijana mmoja ambaye watazamaji wamekwisha kumjua: ndiye apewaye mpira timu inapozidiwa, na ndiye awaachaye wenzake hatua tano nyuma. Husemwa juu yake, "Huyu akipata shule, atafika mbali."

Kauli hiyo ni nyepesi kutamkwa. Nyumbani kwa kijana yule karatasi ya matokeo iko juu ya meza, nayo yasema jambo jingine. Hakushindwa mtihani, wala hakung'ara. Ni mtoto wa katikati, na shule kubwa za bweni hazina haja ya kumtafuta mtoto wa katikati.

Mfano wa nyumba moja watosha, nao ni mfano tu, kwa kuwa nyumba za namna hiyo ni nyingi. Baba ni sajini. Mama huuza chai na maandazi tangu alfajiri. Mvulana wao wa miaka kumi na minne amemaliza darasa la nane. Nyuma yake yuko dada yake wa darasa la sita, ambaye kila muhula huwa miongoni mwa watatu wa kwanza. Akiba ya nyumba hiyo, mshahara usipochelewa, yaweza kumpeleka mtoto mmoja katika bweni la nchi jirani. Haiwezi kuwapeleka wawili. Shule moja ya Uganda imesikia habari za mvulana, nayo iko tayari kumpunguzia nusu ya ada iwapo atafaulu majaribio ya kandanda. Baba amekwisha kufurahi. Mama hajasema neno, maana anajua ya kuwa nusu nyingine itakayolipwa ndiyo ada ya binti miaka miwili ijayo.

Kwenda kusoma ng'ambo ya mpaka si desturi ngeni kwa watu wa nchi hii. Shule ya Sekondari ya Rumbek ilifunguliwa mwaka 1948 na ikawalea viongozi wengi, lakini vita viliwatawanya wanafunzi mara kwa mara. Dokta John Garang mwenyewe alimalizia masomo yake ya sekondari Tanzania. Tangu hapo njia ya Nimule imekuwa njia ya masanduku ya bati. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, na Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 safari hiyo ikawa kama safari ya ndani ya nyumba moja kubwa.

Hata hivyo, mlango wa shule nzuri umebaki mwembamba. Nchini Uganda mtoto wa darasa la saba hupimwa kwa masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Aliye bora kabisa hupata jumla ya 4, na aliye wa mwisho 36. Daraja la Kwanza huanzia 4 hadi 12. Shule zenye sifa hujaza nafasi zao kwa watoto walio karibu na ile 4, na mtoto wa 12, ingawa yumo katika Daraja la Kwanza, aweza kuambiwa kwa upole kwamba nafasi zimekwisha. Kwa hiyo mzazi wa Juba mwenye mtoto wa alama za katikati asidhani kwamba anafanyiwa hila. Wanao hata wa wenyeji hurudishwa.

Hapo ndipo michezo inapoingia. Shule za bweni za Afrika Mashariki hushindana viwanjani kwa bidii ileile ya madarasani, na kombe lililowekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu huwavuta wazazi kama yavutavyo matokeo ya mitihani. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki hufanyika kila mwaka katika nchi mojawapo. Mwaka 2023 ilikuwa Huye, Rwanda, na mwaka 2025 Kakamega, Kenya. Shule itakayo kufika huko huhitaji wachezaji, na mwalimu wa michezo hupewa nafasi chache ambazo aweza kuzijaza kwa kutazama miguu na mikono kabla ya alama. Nafasi hizo ndizo zinazotafutwa.

Kandanda ya shule nchini Uganda haiwezi kutajwa bila St. Mary's Kitende, iliyo kando ya barabara ya Kampala na Entebbe. Shule hiyo ni ya Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa chama cha kandanda cha nchi hiyo, na uwanja wa klabu yake ya Vipers uko hapohapo Kitende. Katika mpira wa kikapu hutajwa Buddo SS, na kwa upande wa Kenya hutajwa Laiser Hill ya Ongata Rongai. Lakini Kitende hutajwa vilevile kwa matokeo yake ya mitihani, na jambo hili wazazi wengi hulisahau. Mtoto aingiaye kwa mguu hukaa dawati moja na mtoto aliyeingia kwa 4, na karatasi ya mtihani wa muhula huwa ni ileile.

Tanzania ilikuwa na mfano ambao wasomaji wa jeshini wataupenda. Shule ya Sekondari ya Makongo, Dar es Salaam, ni mali ya Jeshi la Wananchi. Chini ya mwalimu mkuu wake, Kanali Iddi Kipingu, shule hiyo ilijulikana nchi nzima kwa kukusanya vijana wenye vipaji, ikatoa wachezaji wa klabu kubwa na wa timu ya taifa. Si ajabu. Majeshi na polisi wa eneo hili wamekuwa walezi wa michezo tangu zamani. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi. John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, alikuwa polisi pia. Kambi yenye kiwanja kizuri na afisa mwenye moyo yaweza kumsaidia mtoto wa askari kuliko wakala ye yote.

Iten, Kenya, yafundisha jambo tofauti. Mwaka 1976 alifika katika shule ya bweni ya St. Patrick's mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, aje kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Mikononi mwake na mwa wenzake shule hiyo ikawa kisima cha mabingwa: Peter Rono alishinda mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Ibrahim Hussein akashinda mbio ndefu za Boston mara tatu. Watu husimulia medali na kusahau kuwa wote wawili walipita katika vyuo vikuu vya Marekani, Rono katika Mount St. Mary's na Hussein katika New Mexico. Miguu iliwafungulia mlango, lakini hakuna chuo kilichowaruhusu kukaa bila daftari.

Mkoba kabla ya majaribio

Wazazi wengi hukosea mwanzo. Humpandisha mtoto basi la Kampala mwezi Januari, akiwa na njumu begani na jina la mwalimu aliyesikika kwa rafiki wa rafiki. Afikapo langoni, mlinzi humwambia kuwa majaribio yalikwisha wiki iliyopita. Nauli imepotea, na moyo wa mtoto umevunjika mahali ambapo hapana ndugu.

Yafaa barua itangulie. Iandikwe kwa Kiingereza kilicho sahihi, isizidi ukurasa mmoja, nayo ielekezwe kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa mwalimu wa michezo. Iseme umri wa mtoto, darasa alilomaliza, alama zake kama zilivyo bila kuzipamba, mchezo wake na nafasi achezayo, timu alizochezea, na jina la mtu mzima awezaye kuulizwa habari zake. Alama za wastani zikifichwa, zitaonekana siku ya kuandikishwa, na mwalimu aliyekuwa rafiki atakuwa amedanganywa mbele ya mkuu wake. Zikisemwa mapema pamoja na sababu yake, kama vile kuhama shule mara tatu kwa ajili ya uhamisho wa baba, mara nyingi husameheka.

Mkobani ziwemo hati za matokeo za miaka miwili, cheti cha kuzaliwa au hati ya umri iliyotolewa kihalali, pasipoti, picha, barua ya mwalimu wa shule aliyotoka, na cheti cha daktari. Anayetaka kusoma Uganda kwa cheti cha nchi nyingine aulize mapema juu ya kukilinganisha katika Baraza la Mitihani la huko, kwani wako waliogundua upungufu huo walipotakiwa kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Picha za sinema za simu zasaidia pia, lakini zioneshe mchezo mzima wa dakika kadhaa. Mwalimu mzoefu hapendezwi na mabao kumi yaliyounganishwa. Ataka kuona mtoto afanyavyo anapopokonywa mpira.

Juu ya umri, maneno machache lakini mazito. Kila mtaa una mtu atakayeshauri kwamba mtoto wa miaka kumi na sita aandikwe kumi na tatu, ili aonekane hodari kuliko rika lake. Huo si werevu. Tangu mwaka 2009 Shirikisho la Kandanda la Dunia limetumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono kuwachunguza wachezaji wa chini ya miaka 17, na mashindano ya shule yana wakaguzi wake wenye macho makali. Timu yenye mchezaji mmoja wa umri wa uongo yaweza kupokonywa ushindi, na shule iliyoaibishwa hivyo haimpi mtoto yule nafasi ya pili. Zaidi ya hayo, mwaka ulioandikwa katika cheti cha kwanza humfuata mtu hadi katika pasipoti, kazini na katika pensheni.

Siku ya majaribio yenyewe ni fupi. Watoto wengi, kiwanja kimoja, dakika chache kwa kila mmoja. Wanaochaguliwa si lazima wawe wale waliofunga. Mwalimu hutazama nani anasikiliza anapoelezwa, nani anarudi kukaba, nani anamtukana mwenzake aliyekosea. Mtoto alale vizuri usiku uliotangulia na ale asubuhi chakula alichokizoea. Si siku ya kujaribu soseji za Kampala.

Nusu ya ada ni nusu ya nini?

Hapa ndipo sajini na mkewe wanapopaswa kuketi na kalamu. Neno "ufadhili" hutamkwa kwa urahisi katika simu, na kila shule ina maana yake. Pengine hufutwa ada ya masomo peke yake, na mzazi hubaki na bweni, chakula, sare, vitabu, godoro, chandarua, mchango wa majengo, matibabu na nauli za kwenda na kurudi mara tatu kwa mwaka. Pengine punguzo ni la muhula mmoja tu, kisha hutazamwa upya. Mzazi aliyesikia "nusu" aweza kujikuta analipa robo tatu.

Maswali yaulizwe kabla ya sanduku kufungwa, na majibu yawe katika karatasi yenye muhuri wa shule. Ufadhili ni wa muda gani? Nani alipaye mtoto akiumia goti akiichezea shule, na je, akikosa msimu mzima ufadhili utaendelea? Ni alama zipi za chini zinazotakiwa ili asiondolewe au asirudie darasa? Wakati wa mashindano, masomo aliyoyakosa hufidiwa lini, na na nani? Je, mwalimu wa michezo akihama, ahadi yake inahama naye? Shule njema haikasirishwi na maswali haya. Ile inayokasirika imekwisha kujibu.

Swali la goti lastahili kurudiwa, kwa kuwa ndilo lililowarudisha vijana wengi nyumbani. Mwili wa miaka kumi na minne bado unakua. Mtoto achezaye kila siku kiwanja kigumu, akapelekwa mashindanoni mara mbili mfululizo bila kupumzika, huanza kulalamika maumivu chini ya goti au kisigino, na wakubwa humwambia ajikaze kiume. Mzazi aliye mbali aulize habari za mwili kila apigapo simu, kabla ya kuuliza habari za mabao.

Kisha wako mawakala. Mtu huja Juba na kofia ya klabu, asema ana shule ya Ulaya iliyo tayari, na kwamba inahitajika fedha kidogo ya karatasi. Kanuni za kandanda ya dunia hukataza uhamisho wa wachezaji kutoka nchi hadi nchi kabla hawajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache yanayojulikana. Atoaye ahadi ya Ulaya kwa mtoto wa miaka kumi na minne aulizwe juu ya masharti hayo mbele ya mashahidi, na asipewe pasipoti ya mtoto hata kwa usiku mmoja.

Nyota walioenda mbali huzidisha kiu hiyo, na kiu hiyo yaeleweka. Luol Deng, aliyezaliwa Wau mwaka 1985, alipita ukimbizini Misri na London, akapokewa na Blair Academy, shule ya bweni ya New Jersey, kwa ajili ya mpira wa kikapu; mwaka 2004 akachaguliwa wa 7 katika ligi kuu ya Marekani. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Uganda, akafundishwa katika kituo cha Saly, Senegal. Akiwa na miaka 17 alikuwa katika kikosi cha Sudan Kusini kilichoifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na mwaka uliofuata akachaguliwa wa 10. Lakini Maluach ana urefu wa karibu mita 2.18, na urefu huo haupatikani kwa mazoezi. Hata njia ya Marekani haikubaki ilivyokuwa: Aprili 2025 serikali ya huko ilitangaza kuzifuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Tena, vyuo vikuu vya daraja la juu la michezo nchini humo humtaka mwanamichezo awe amemaliza masomo 16 ya msingi ya sekondari na kupata wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Alama zilizodharauliwa Gurei huulizwa tena huko.

Kenya nayo imeubadilisha mpango wake wa elimu. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na wanafunzi wa kwanza wa mpango mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026. Huko mtoto huchagua njia moja kati ya tatu, na mojawapo ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Ni habari njema kwa mtoto wa kiwanjani, ingawa michezo hiyo sasa ni somo lenye mtihani, lenye kutaka ajue mwili unavyofanya kazi na aandike. Asiyependa kuandika hatapata kimbilio hapo.

Binti za Gurei wasisahauliwe katika mazungumzo haya. Mara nyingi wasichana wanaofika majaribio ya kikapu, wavu na mbio ni wachache kuliko wavulana, hivyo msichana hodari huonekana upesi. Lakini mzazi wake ana maswali ya ziada: ni nani alalaye na wasichana wanaposafiri kwa mashindano, kuna mwalimu wa kike katika timu, na simu ya mlezi ipatikane kwa njia gani. Mwalimu wa michezo amwitaye msichana peke yake "kwa mazoezi ya ziada" si mwalimu wa kuachiwa mtoto, hata awe na makombe mangapi.

Yafanyikayo nyumbani kabla ya safari ndiyo yanayoamua mengi. Mtoto wa wastani aliye na miezi sita aweza kupanda hatua kadhaa bila kuacha mpira. Saa moja ya Hesabu na Kiingereza alfajiri, kichwa kikiwa bado kipya, yashinda saa tatu za usiku baada ya mazoezi, ambapo husinzia juu ya kitabu. Taa ndogo ya jua inatosha. Kazi ya kuteka maji igawanywe kati ya watoto wote, si kumwachia dada mtu kwa kuwa kaka "ni mchezaji". Na chakula chake si lazima kiwe cha gharama: asida kwa maharage au dengu, karanga, samaki mkavu, mboga za majani, yai linapopatikana, na maji mengi. Chai tupu asubuhi haimtoshi mtoto anayekimbia.

Katika ile nyumba ya mfano, mazungumzo yaliendelea usiku kucha. Baba alisema nafasi kama hii haiji mara mbili. Mama akajibu, "Baba Fulani, haiji mara mbili kwa nani? Hata huyu binti hana mara mbili." Mvulana alikuwa mlangoni akisikia.

Asubuhi waliandika barua mbili. Ya kwanza iliiuliza shule ile maswali yote juu ya ufadhili, ikaomba jibu lenye muhuri. Ya pili ilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa iliyo karibu, kumwombea mvulana nafasi ya mwaka mmoja endapo jibu halitakuwa zuri, ili ainue alama zake na kurudi kwenye majaribio Januari ijayo akiwa na umri uleule ulio katika cheti. Akiba ikabaki ndani ya kopo, ikigawanywa kwa mafundo mawili ya kitambaa: la mvulana na la dada yake. Jioni ile kijana alikwenda kiwanjani kama kawaida. Alirudi mapema kuliko siku zote, akaomba kitabu cha Hesabu cha dada yake.